Chura alinirudia usoni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya maji, mimi nimesimama mbele ya boti na chura wangu wa plastiki, chambo chenyewe, ametulia pembeni ya katundu kadogo kwenye majani. Sijamgusa kama sekunde tano hivi. Vile viduara alivyotengeneza alipotua vilishaisha zamani. Nikamtikisa kidogo tu, ile miguu yake ya nyuzi za mpira ikacheza, na majani ya mbele yake yakavimba.

Yakavimba kama mtu anayejigeuza chini ya shuka.

Kilichofuata sikikumbuki kwa mpangilio. Najua maji yalifunguka na mlio wake ulikuwa kama mtu katupa tofali kisimani, najua nilivuta fimbo kwa nguvu zote alizonijalia Mungu, na najua chura alitoka pale kama jiwe la manati akaja moja kwa moja mpaka usoni kwangu, akanigonga kwenye ukingo wa kofia, akaangukia nyuma ya boti. Ana ndoana mbili huyo chura. Zingeshuka vidole viwili tu ningekuwa naandika makala nyingine kabisa, tena kwa jicho moja.

Jamaa yangu aliyekuwa kwenye usukani alicheka mpaka akakaa chini. Mzee tunayevua naye hakucheka. Alikuwa kashika ncha ya mshipi wake mkono mmoja na chura wake mkono wa pili, ananisubiri nimfungie fundo kama anavyoniomba kila tukitoka, akageukia kule kwenye tundu, sasa limekuwa kubwa kama sinia na majani yameanza kurudi kulifunika taratibu, akasema neno moja.

"Umemnyang'anya."

Basi. Hilo neno nimekaa nalo wiki sita.

Samaki anayekua akiwa majini

Ubaya wa samaki uliyemkosa ni kwamba hajapimwa. Siku ile ile nilisema alikuwa kilo mbili na nusu. Wiki ya pili kafika tatu na ushee. Wiki ya tano jamaa yangu akaniuliza, kaka, hivi tunaongelea samaki au mbuzi?

Na wanaovua besi (besi samaki wa maji baridi mwenye mdomo mkubwa, sio ile ya spika) gramu kwao ni kitu cha kugombana kabisa. Rekodi ya dunia ilikuwa ya George Perry, alimtoa wake tarehe 2 Juni 1932 kule Montgomery Lake, Georgia, Marekani, kilo 10 na kidogo, akaenda kumpima, alafu akarudi nyumbani akamla na familia yake. Miaka 77 baadaye, 2009, Manabu Kurita akatoa mwingine Ziwa Biwa, Japani, mzito kuliko wa Perry kwa gramu zisizofika 30. Akavunja rekodi? Hakuvunja. Sheria za IGFA, shirika la kimataifa linalotunza rekodi za uvuvi, zinataka umzidi mwenzako kwa angalau wakia mbili, yaani kama gramu 57, kwahiyo mpaka leo wanakaa kiti kimoja wote wawili, mmoja kafa zamani, mwingine yuko na gramu zake 27 ambazo hazijamsaidia kitu.

Sasa mimi na samaki wangu ambaye hajagusa mzani tunaingia wapi hapo.

Ila kusema kweli ukubwa wake haukuwa unanisumbua kivile. Kilichokuwa kinanirudia usiku ni lile neno la mzee. Kunyang'anya ni kosa la mkono. Maana yake samaki alikuwa ameshapewa, na mimi nikamtoa kitu mdomoni. Ningekuwa nimekosea kurusha, au nimechagua rangi mbaya, ningelala vizuri. Lakini kuambiwa kazi yote ilishafanyika na wewe ndo umeiharibu kwenye sekunde ya mwisho, aisee.

Moja, mbili, vuta

Dawa wanayokupa watu ni moja. Ukiona besi kamvamia chura, subiri. Hesabu moja, mbili, ndo uvute. Wengine wanakwambia useme sentensi fulani ndefu kimoyomoyo, wengine wanasema vuta pumzi kwanza. Na yupo kila mara wa kukuambia subira yavuta heri, huyo naomba asinisogelee, nilishaambiwa hivo nikiwa na miaka saba.

Nikajaribu kuhesabu.

Sasa nikwambie ukweli, mtu anayeweza kuhesabu mpaka mbili wakati maji yanalipuka mita sita kutoka alipo sio mtu wa kawaida. Nilikuwa najiandaa, nakariri kabisa, moja, mbili, moja, mbili, chura anatembea juu ya majani na mimi niko na hesabu yangu kama mtoto wa chekechea, alafu PAA, na ninachosikia kinywani mwangu sio moja wala mbili ni "wee!" na fimbo imeshakuwa juu. Mara saba mfululizo. Nilikuwa naziandika kwenye simu.

Mara ya nane nikafanikiwa kuhesabu. Niliihesabu vizuri kabisa, tena kwa sauti. Nilipovuta hakukuwa na kitu, samaki alishamtema.

Ile ilinichanganya zaidi. Ilikuwa sehemu ya wazi, majani machache tu ya yungiyungi, na besi sio mjinga, akiwa hana fujo ya majani mdomoni anagundua haraka kwamba hiki alichokula ni plastiki. Kwenye blanketi zito la magugu ni tofauti, kule kameza chura pamoja na bakuli zima la kachumbari, inamchukua muda kujua kipi ni kipi. Kwahiyo mbili ya kule sio mbili ya huku. Nikaanza kuona hii hesabu wanayotufundisha haina uhusiano na saa. Ni njia ya kumpa mtu mwenye kiherehere kitu cha kufanya.

Lakini nilikuwa bado sina kitu cha kuweka mahali pake.

Wiki mbili za kulaumu vyombo

Mtu akishindwa kujilaumu anageukia vyombo, na mimi sikuchelewa.

Fimbo nilikuwa nayo ile ngumu ya futi saba na inchi tatu, mshipi wa kusuka wa kuhimili pauni 65 usionyumbuka kabisa, rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi) ya haraka inayozunguka zaidi ya mara saba ukizungusha mkono mara moja. Vyote viko sawa. Basi nikamgeukia chura mwenyewe, na hapa ndo nilikaa sana, kwasababu ukimwangalia vizuri huyu chura ni kitu cha ajabu.

Ni mfuko mtupu. Ndani hewa tu. Ndoana mbili zimelala mgongoni kwake zimebana ubavu, ncha zake ziko juu na ndani kidogo, ndo maana unamburuza juu ya takataka yoyote na hanasi. Unamrusha katikati ya magugu ambayo chambo kingine chochote kingerudi na kilo mbili za majani, yeye anapita kama yuko kwenye zulia. Samaki akimbana, mwili unabonyea, ndoana zinabaki wazi, zinashika.

Akimbana.

Hapo ndo mtego wenyewe ulipo. Kile kile kinachomfanya asinase majani ndo kinachomfanya asinase samaki. Kila ukimtengeneza apite vizuri zaidi kwenye majani, unampunguzia uwezo wa kushika mdomo, na kila ukizifungua ndoana zishike vizuri, anaanza kukuletea majani. Hakuna chura aliyetatua hili. Watu wanachonga vyura vya kuvulia tangu mwisho wa karne ya 19, James Heddon kule Dowagiac, Michigan, alikuwa anavichonga kwa mti na kisu, leo tuna plastiki laini na macho ya kung'aa, na ugomvi ni huo huo tu, unataka apite au unataka ashike.

Mimi nikataka vyote. Nikachukua koleo nikazipanua ndoana kidogo, unene wa kucha tu. Nikapunguza miguu ya mpira, mmoja mfupi kuliko mwingine ili atembee kwa kuyumba yumba. Nikambonyeza bonyeza huku naangalia TV mpaka akalainika kama ndala ya zamani. Tukabishana rangi, mweusi kwa sababu samaki anamwona kwa chini na anachoona ni kivuli tu dhidi ya mwanga, au mweupe tumboni kama kasamaki kadogo. Huo mjadala sikuwahi kuumaliza na sasa hivi sina hata hamu nao.

Matokeo, nikaanza kurudi na majani. Na samaki bado nawakosa.

Video

Jamaa yangu ndo alichoka kunisikiliza. Akasema, kaka, simama hapo mbele uvue kama kawaida, mimi nakurekodi na simu, ile ya polepole, tuone hicho kinachokuliza kila siku. Nikasema isiwe tabu.

Asubuhi moja tukapata mashambulizi mawili. Yote nikayakosa. Jioni tukakaa kuangalia.

La kwanza nilifurahi karibu nipige kelele. Kwenye video ile unaona kabisa, samaki anatokea kwa upande, anabeba jani zima la yungiyungi na chura akiwa juu yake, na chura anarushwa hewani. Hajaingia mdomoni hata sekunde moja. Samaki kakosa mwenyewe!

Na ukifikiria inaeleweka. Besi haumi kama mbwa. Anafungua ule mdomo wake mkubwa ghafla, maji yanakimbilia ndani, na mlo unafuata maji. Anakunywa chakula, ndo lugha sahihi. Sasa chura kakaa juu ya blanketi la majani, chini yake kuna mizizi na mashina, juu yake kuna hewa. Besi anavuta, kinachoingia ni majani na upepo. Tena hamwoni vizuri, anakisia kutokana na kivuli kinachosogea na ile mitetemo anayoihisi kwa mstari wa ubavuni kwake. Amekisia vibaya, basi. Waswahili wanasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, lakini huyu besi kelele za chura ndo zinamwita, na akifika hana uhakika kelele zimetokea wapi.

Nikampelekea mzee simu. Nikamwambia, mzee wangu, ona, sikumnyang'anya mtu.

Akaishika ile simu mbali na uso, mkono umenyooka wote, akaangalia. Akanirudishia.

"Hiyo moja. Ya pili je?"

Ya pili.

Ya pili nimeiangalia labda mara arobaini. Majani yanavimba. Mgongo haujaonekana, mdomo haujaonekana, ni uvimbe tu unasogea kumfuata chura kama panya chini ya mkeka. Alafu ukiangalia pembeni ya picha, mikono yangu. Mikono yangu imeshaanza kupanda. Samaki hajafungua mdomo bado na mimi nimeshaanza kuvuta. Anafungua, chura anaingia, unamwona kabisa anazama kwenye lile shimo jeupe, na sekunde hiyo hiyo fimbo yangu inamaliza safari yake na chura anatoka kwenye mdomo ulio wazi kama alivyoingia.

Nikaanza kupiga hesabu, na hii ndo iliyonikata maini. Besi anafungua mdomo na kumeza kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Binadamu, kuanzia jicho lione mpaka mkono usogee, inachukua kama robo sekunde hivi. Kwahiyo kama kweli ningekuwa navuta *nikiona kaliwa*, mkono wangu ungefika wakati chura ameshakuwa ndani zamani. Ningekuwa mchelewaji! Haiwezekani mtu awahi kuliko samaki kwa kushtukia samaki.

Labda kama hashtukii samaki.

Nilikuwa nashtukia uvimbe. Nilikuwa navuta kwa kitu ambacho kilikuwa hakijatokea. Wiki zote zile watu wananiambia nina haraka, nikaamini, nikajifundisha kuhesabu, kumbe tatizo sio kwamba mkono ni mwepesi. Mkono ulikuwa unatii macho, na macho yalikuwa yanatabiri.

Jua usoni

Ningekuwa mtu mwenye akili ningetoka na hiyo video nikabadilika siku inayofuata. Sikubadilika. Kujua kwanini unafanya kitu na kuacha kukifanya ni vitu viwili, muulize yeyote anayekula kucha.

Kilichobadilisha mambo ni bahati mbaya. Tulichelewa siku ile, tukafika kwenye magugu jua limeshapanda lakini bado liko chini, na upepo ukatusukuma mpaka nikawa naliangalia jua uso kwa uso. Maji yote yalikuwa kioo cheupe. Nikirusha chura namsikia anatua, *tap*, alafu basi, simwoni tena. Nilitaka tugeuze boti ila jamaa alikuwa anahangaika na mshipi wake uliofanya kiota kwenye rili, kwahiyo nikaendelea tu kuvua kipofu, nampeleka chura kwa kukisia, tik tik, pumzika, tik tik.

Na majani yalikuwa na kelele asubuhi ile. Wanaovua magugu wanaijua hiyo sauti, visamaki vidogo viko chini ya blanketi vinadonoa wadudu, *ch, ch, pch*, kama watu wanakula miwa gizani. Ni sauti nzuri sana kwa mvuvi, maana palipo na hao wadogo mkubwa hayuko mbali. Kwahiyo nasikia *pch* huku, *pch* kule, na katikati ya hizo ikaja moja nzito kidogo, *pwa*, na mimi nikafikiri, hiyo ni ya kwangu?

Nikawa sina uhakika.

Nikashusha fimbo ili nizungushe rili nijue chura yuko wapi. Mshipi ukanyooka. Ukaendelea kunyooka. Ukaanza kwenda kushoto, peke yake, kwenye maji ambayo hayana mkondo.

Hapo hata kama una moyo wa kuku unajua. Fimbo ilishakuwa chini, mshipi umekaza, nikakita kwa mgongo wote, na kitu kizito kikajibu kutoka chini ya magugu. Alizama kwenye mashina akajizungushia, nikasimamisha kila kitu, sikumlazimisha, tukaipeleka boti mpaka juu yake na nikaingiza mkono mpaka begani nikifukua majani mpaka nikapata mdomo wake. Alitoka na kofia ya magugu kama bibi harusi. Ndoana zote mbili ziko juu, katikati ya taya, pale pale zinapotakiwa kuwa.

Kilo moja na robo. Huyu nilimpima.

Nikamshika kwa mdomo na mkono wa pili chini ya tumbo, nikamrudisha, akakaa sekunde mbili anapumua pembeni ya boti, akaondoka.

Nikakaa chini. Jamaa ananiuliza mbona hushangilii.

Nilikuwa nafikiria lile swali, hiyo ni ya kwangu? Ule wasiwasi ndo ulinipa ile sekunde. Sikuwa na subira yoyote, sikuhesabu, sikuvuta pumzi. Sikuamini tu. Na wakati sijaamini, samaki alifunga mdomo, akageuka, akaanza kurudi chini na mzigo wake, na akigeuka hivo mshipi unapita kwenye kona ya mdomo na ndoana zina kitu cha kushika. Wakati ule wa nyuma wote nilikuwa navuta chura kwenda juu kutoka kwenye mdomo ulio wazi unaoniangalia. Hata ndoana kali kiasi gani, itashika nini hapo, hewa?

Kutokuangalia

Tangu hapo nimekuwa na tabia ambayo jamaa yangu anasema inaudhi. Simwangalii chura. Nikisharusha, naangalia mshipi pale unapotoka kwenye ncha ya fimbo, au naangalia mti ng'ambo. Fimbo iko chini, inamwelekea chura, na mshipi una ulegevu kidogo, kwasababu hata mkono ukiropoka, unaropokea kwenye ule ulegevu na chura habanduki sana. Wanafundisha hivo siku zote ila nilikuwa nadhani ni mambo ya staili.

Na nikisikia *paa* alafu mshipi usinyooke, siondoi chura. Namwacha hapo hapo alale kama aliyezimia. Mara nyingine anarudi, sio mara zote, ila ile ya pili inakuwa na nia zaidi. Asiporudi, jamaa ambaye anakaa tayari na nyungunyungu wake wa plastiki asiye na risasi ya kumpa uzito anamdondosha kwenye lile tundu lililobaki, azame taratibu. Tumepata wawili hivo. Yeye anasema ni wake, mimi nasema niliwapigia hodi mimi.

Bado nakosa wengi. Naandika hili ili mtu asije akasoma akafikiri nimepata siri. Chura ni chambo cha kukosa, ukitaka kushika asilimia kubwa ya wanaokugusa vua na kitu kingine, kinachozama, na hutaona lile tundu likifunguka. Mimi nalitaka lile tundu. Hapo ndo ujinga wenyewe ulipo, nimekuja kwa ajili ya kuona kitu ambacho nikikiona naharibu.

Kuna siku naangalia makusudi. Najua nitamnyang'anya. Naangalia tu.

Fundo la mzee

Sasa kuna kitu kilinijia juzi wakati namfungia mzee chura wake. Mimi hufunga lile fundo la Palomar, unaukunja mshipi mara mbili, unaupitisha kwenye kile kitundu puani kwa chura, unafunga fundo la kawaida, unampitisha chura kwenye kitanzi, unalowesha mate, unakaza. Ni fundo rahisi kuliko yote. Mtu aliyevua maisha yake yote halimshindi.

Nikamuuliza, mzee wangu, kwanini huwa hufungi mwenyewe?

"Hicho kitundu sikioni, kijana. Mwaka wa tatu huu."

Nikakumbuka ile simu, mkono umenyooka wote. Nikakumbuka kwamba tangu nimfahamu sijawahi kumwona anakosa kwa pupa. Anakosa, ndiyo, samaki wakikosa wenyewe. Lakini sijawahi kuona chura wake anaruka hewani. Nilikuwa nasema ni utulivu wa uzee, busara, miaka mingi kwenye maji, nilishamtungia hadithi nzima kichwani. Nikamuuliza tena, sasa chura wako ukishamrusha unamwona?

Akacheka. "Nitamwonaje? Mimi nasikia."

"Na ukisikia unajuaje ni wako?"

"Sijui. Nangoja mshipi uniambie."

Nikamrushia macho jamaa kule nyuma, naye ananiangalia. Hakuna aliyesema kitu. Miezi yote tumekuwa tukimuiga mzee anavyoshika fimbo, anavyokaa, hata anavyonyamaza, na hakuna aliyewahi kumuuliza anaona nini.

Basi mzee akarusha, kwenye pembe ya magugu, karibu na pale pale pa wiki sita zilizopita kwa kweli, maana mimi ndo nilishika usukani na sikuipeleka boti pale kwa bahati mbaya. Na mimi nikarusha wangu kama mita nne kushoto kwake. Nikakaza macho kwenye mti wa ng'ambo kama mtu mwenye adabu zake. Tik tik, pumzika. Nikashindwa, nikachungulia, sio chura wangu, nikachungulia wa mzee.

Majani yakavimba nyuma yake.

Yakavimba, yakasogea, maji yakafunguka na ule mlio wa tofali, na kabla sijajua nimefanya nini fimbo yangu, mimi, ambaye chura wangu hakuna aliyemgusa, ilikuwa imeshapanda mpaka juu ya kichwa na chura wangu kakatiza hewani, kapita juu ya jamaa aliyelala chini kwa wakati, katua kwenye ndoo.

Mzee hajasogea. Kageuza sikio tu.

"Ni wako huyo," akauliza, "au wangu?"

Mshipi wake ukaanza kunyooka.